Ndimu, Biringanya na Ngozi ya Mejumaa

Nikipita sokoni Msambweni mpaka leo, wako akina mama watu wazima wanaoniita Bwana Mchicha, na sidhani kama wanalijua jina nililopewa na wazazi wangu. Nimestaafu, magoti yanalalamika kila nikiona ngazi, lakini jina lile bado lina nguvu zake zote. Nyinyi mnaoingia sasa katika kazi ya lishe, wenye vyeti vya juzi na simu zinazojua kila kitu, mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu ukurutu na chakula, maana mmesikia kwamba zamani nilikuwa bingwa wa jambo hilo. Aliyewaambia hivyo hakuwepo. Mimi nilikuwepo, na nitawaeleza.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kinango, mwaka wa kiangazi kibaya. Siku moja kwenye soko la mifugo nilimsimamisha mzee mmoja aliyekuwa ametembea tangu alfajiri na ng'ombe wawili waliokonda, nikamhubiria faida za bustani ya mboga nyuma ya nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote. Kisha akauliza, "Na hiyo mboga, mwanangu, tutainywesha nini? Maana ng'ombe hawa leo ni siku ya pili hawajaonja maji." Nilimjibu kwamba suala la maji liko chini ya ofisi nyingine. Naona haya kuiandika sentensi hiyo, lakini ndivyo nilivyojibu, na nilikuwa nimevaa tai.

Baada ya Kinango nilihamishiwa zahanati moja ndogo upande wa Bodo, karibu na mikoko. Jina lake nitaliacha lipumzike. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, benchi refu barazani, mizani ya kupimia watoto iliyoning'inia kwenye boriti, na Sista Mwanamisi. Huyu ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu, Mdigo wa hapohapo, mwanamke mnene wa sauti ndogo, ambaye alianza kuchanja watoto wa Bodo wakati mimi bado nafundishwa kushika kalamu. Hakuwahi kunikumbusha hilo. Alikuwa akinitazama tu, nikakumbuka mwenyewe.

Mimi nilikuwa mtu wa bara. Baba yangu alihama Ukambani akapata shamba la makazi kule Shimba Hills, akapanda mahindi na michungwa, na Jumapili tukaenda kanisani kwa miguu. Nilikulia Kwale, lakini kwa watu wa Bodo nilikuwa "yule kijana wa bara", na wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Machafuko yaliyowafukuza watu wengi wa bara kutoka pwani yalikuwa yamepita si zamani. Watu wa bara na wenyeji tulikuwa tunasalimiana kwa uangalifu, kila mmoja akiipima sauti ya mwenzake. Hilo mliweke akilini, kwa sababu linaingia katika habari hii.

Basi nikapelekwa semina ya siku tatu katika hoteli moja ya Diani. Wageni walikuwa wamepungua, vyumba vilikuwa vitupu, kwa hiyo hata sisi wafanyakazi wadogo tulipokewa kwa tabasamu. Nilikula kwa bidii. Kati ya mlo mmoja na mwingine, mwalimu wetu alituonyesha picha ukutani na kutufundisha neno nililokuwa silijui: antioksidanti. Alieleza vizuri, yeye hana kosa. Alisema ndani ya mwili mna vitu vinavyoziharibu chembe zake polepole, kama kutu inavyokula jembe, na kwamba ngozi yenye ukurutu huwa na uharibifu mwingi wa namna hiyo. Kwenye mboga za majani, papai, embe, mapera na vyakula vingine vya rangi mna vitu vinavyoizuia kutu hiyo, na hizo ndizo antioksidanti. Akaongeza kwamba chakula hicho ni cha kusaidia tu, dawa ya kupaka ibaki palepale, na kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana kinasaidia kiasi gani. Wakati anaongeza hayo mimi nilikuwa nimekwenda kuongeza pilau. Nilirudi Bodo na nusu ya somo na suruali iliyonibana.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa antioksidanti alikuwa Mejumaa, mtoto wa kike wa miaka mitano. Alikuwa akilelewa na bibi yake, Bi Mwanatumu, kwa sababu mama yake alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja Diani na kurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Ukurutu ulikuwa umemshika kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Alijikuna mpaka ngozi ikawa nyeusi na nene, ikapasuka, ikatoa maji. Bibi yake alimshonea vifuko vya kanga kuukuu vya kuvaa mikononi akilala, ili kucha zisifanye kazi.

Lakini kilichomuuma Bi Mwanatumu zaidi ya kucha kilikuwa chuo. Watoto wa rika la Mejumaa walikuwa wameanza kusoma Kurani, naye kila akipelekwa alirudishwa, kwa kuwa wenzake walikataa kukaa naye na wazazi wao walidhani ataambukiza. Ukurutu hauambukizi. Ilikuwa kazi yangu kwenda kuwaambia hivyo, mwendo wa dakika kumi kwa baiskeli, lakini mimi nilikuwa na mambo makubwa zaidi ya kushughulikia.

"Bwana daktari," aliniambia bibi huyo siku ya kwanza, na kule kuitwa daktari kukaniingia kichwani, "mimi sitafuti ngozi ya biharusi. Nataka akae mkeka mmoja na wenzake, basi."

Sista Mwanamisi alimpa dawa ya kupaka na kumweleza namna ya kuipaka. Nami, ili nisionekane nimekaa bure, niliichukua kadi ya mtoto nikaandika chini ya maandishi ya Sista: Mchicha 1x3. Papai 1x3. Niliona hayo ndiyo maandishi ya mtu aliyesoma. Wiki iliyofuata nikamuuliza Bi Mwanatumu kama mtoto anakula.

"Anakula kama ulivyoandika," akasema. "Jani moja la mchicha asubuhi, jani moja adhuhuri, jani moja usiku. Hilo halina tabu. Tabu ni papai. Mapapai matatu kwa siku, daktari, mtoto hatoki chooni."

Sista Mwanamisi alikuwa akipima mtoto mwingine. Ilimbidi amrudishe kwa mama yake kwanza, kisha akaegemea ukuta na kucheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Akina mama wa kwenye benchi hawakujizuia kama yeye. Kabla ya adhuhuri jina la Bwana Mchicha lilikuwa limefika pwani, na nilipokwenda kununua samaki jioni, mvuvi aliniuliza kama nataka mmoja mara tatu.

Hapo nina la kuwafundisha, kwa kuwa nililipata kwa aibu yangu mwenyewe. Chakula msikiandike kama dawa. Uliza kwanza jana walipika nini, na juzi, kisha ongeza kitu kimoja katika kile kile wanachokijua. Sema fungu, sema bakuli, sema kipande kama kiganja cha mtoto. Mboga iwekwe tui au mafuta kidogo, kwa sababu vitu vingine vilivyomo haviingii mwilini bila mafuta, na isichemshwe mpaka ikasahau ilikuwa mboga. Mtoto mwenye ukurutu akivimba au kuwashwa baada ya kula kitu fulani, kama vile karanga au yai, kitu hicho kisimamishwe na apelekwe kwa mwenye ujuzi zaidi yenu. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba nimechekwa, na nilitaka kurudisha heshima yangu.

Alhamisi ilikuwa siku ya chanjo na kliniki ya watoto, benchi likijaa mpaka wengine wanakaa kwenye nyasi. Alhamisi hiyo nilikwenda na biringanya kubwa, kisu na ndimu. Nililikata biringanya vipande viwili mbele ya akina mama. Kipande kimoja nilikipaka maji ya ndimu, cha pili nikakiacha hivyo hivyo, nikaviweka vyote kwenye sinia. Tukaendelea kupima watoto. Baada ya muda nikaliinua sinia. Kipande kisichopakwa kilikuwa kimegeuka rangi, kimeingia weusi. Kile chenye ndimu kilibaki cheupe.

Akina mama wakanong'onezana, na safari hii hawakuwa wakinicheka. Nikawaeleza kwamba kwenye ndimu mna antioksidanti, na ndiyo maana ni muhimu kula matunda na mboga. Ningeishia hapo ningekuwa nimefundisha kitu cha maana. Lakini nikaona wananitazama vizuri, nikaongeza, "Ngozi ya mtoto ni kama biringanya hili." Sentensi hiyo haikuwemo kwenye semina. Niliitunga papo hapo, na niliipenda sana.

Wakati nafunga begi langu, akina mama wawili watatu wakinipongeza, Bi Mwanatumu alinijia na Mejumaa mkononi.

"Daktari," akasema, "kwa hiyo hii ndimu ndiyo inayoizuia ngozi isiwe nyeusi?"

"Ndiyo, bibi, hasa," nikamjibu.

Nilimjibu nikiwa nimegeukia upande wa pili, kwa mama mmoja aliyekuwa akiomba abaki na lile biringanya. Sikumtazama Bi Mwanatumu hata usoni.

Sasa mtu yeyote wa pwani anajua ndimu kwenye kidonda inauma. Bi Mwanatumu naye alijua. Lakini alikuwa wa kizazi kinachoamini dawa isiyouma haijaingia, na daktari alikuwa amemwambia ndiyo. Asubuhi mbili mfululizo alimpaka Mejumaa ndimu shingoni na mikononi, mtoto akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Kisha akamkalisha uani kwenye jua, karibu naye, huku akianika nazi. Na hili ndilo nililokuwa silijui, nanyi mlijue: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi, na ngozi hiyo ikapigwa na jua, huichoma kama maji ya moto. Hata ngozi nzima huungua. Ya Mejumaa ilikuwa tayari imepasuka.

Walipofika zahanati Jumatatu, mikono ya yule mtoto ilikuwa na malengelenge makubwa, mengine yamepasuka, na kiwiko kimoja kilikuwa kinatoa usaha. Alikuwa na homa. Hakuwa akilia tena, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Nilinusa ndimu nikiwa bado mlangoni.

Sista Mwanamisi aliniambia nilete bandeji. Bandeji zilikuwa kwenye kabati, chumba hicho hicho, hatua mbili kutoka nilipokuwa. Mimi nikatoka nje, nikazunguka zahanati nzima, nikasimama nyuma ya tangi la maji. Niliporudi, Sista alikuwa ameshamsafisha mtoto na kumfunga, na gari la kuwapeleka hospitali lilikuwa limepatikana. Bi Mwanatumu alinipita na mtoto begani.

Walipoondoka nilimwambia Sista kila kitu: biringanya, swali na jibu langu. Nilitaka anigombeze, ingenisaidia. Aliendelea kunawa mikono.

"Biringanya niliona," akasema. "Hilo la swali ndilo sikulijua." Akajifuta mikono polepole. "Sasa nisikilize. Habari hii usimwambie mtu mwingine hapa kijijini. Wakisikia kwamba mtoto kachomwa na maneno yaliyotoka katika baraza hii, tena kwa kijana wa bara, Alhamisi nitalichanja benchi. Bi Mwanatumu niachie mimi nizungumze naye. Akirudi, utakwenda kwake umwombe radhi."

Mejumaa alilazwa siku sita, akichomwa sindano. Katika siku hizo sita mimi niliandika barua ya kuacha kazi mara mbili. Ya kwanza niliichana kwa sababu ilikuwa na makosa ya tahajia, na ya pili kwa sababu nilipoisoma niligundua inanihusu mimi kutoka mwanzo hadi mwisho, mtoto hatajwi. Nilisali pia. Nilimwambia Mungu kwamba akipona, nitaacha maneno makubwa.

Alipona homa, akarudishwa nyumbani, na Sista akanipeleka. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, tukatoa shikamoo zetu. Bi Mwanatumu alinipa kigoda, kisha, bila kuniuliza, akaniwekea ungo wa matembele mapajani niyachambue. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Niliitoa yote huku nachambua: majukumu ya mtumishi wa umma, masikitiko yangu makubwa, ahadi zangu. Alisikiliza huku akikuna nazi kwenye kibao cha mbuzi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bibi."

"Basi chambua vizuri. Unatupa nusu ya mboga." Akakuna kidogo, akasimama. "Siku ile nilikuuliza neno, ukanijibu unatazama kwingine. Mtu akikuuliza, mtazame. Hilo tu. Radhi nimekupa."

Nilijikaza nisilie, nikashindwa, machozi yakaangukia matembele. Bi Mwanatumu akasema afadhali, chumvi imepanda bei.

Mejumaa alikuwa amelala mkekani, mikono imefungwa. Bi Mwanatumu alimtazama, akamwambia Sista, si mimi, kwa sauti ya chini, "Kabla ya zahanati yenu nilizika wawili kwa surua. Mama yake huyu ndiye aliyebaki." Nilisikia, lakini sikulitafakari neno lile. Nilikuwa nashughulika na kujihurumia.

Halafu Sista Mwanamisi akafanya lile ambalo mimi, na semina yangu yote, sikuwa nimelifanya. Alimwinamia mtoto akamnusa shingoni. Akauliza, "Mnamwogesha kwa sabuni gani?" Ilikuwa kipande cha sabuni ya kufulia, ile ndefu inayokatwa dukani. Akauliza maji yanatoka wapi, akayaonja. Yalitoka kisimani, yana chumvi. Mtoto alikuwa akisuguliwa mara mbili kwa siku kwa sabuni kali na maji ya chumvi, akaachwa akauke mwenyewe, na dawa ya kupaka akapakwa kidogo kidogo ili isiishe upesi. Mimi nilikuwa nimechungulia chungu chake mwezi mzima na sikuwahi kuuliza habari ya ndoo.

Kuanzia hapo tulifuata utaratibu wa Sista. Kuoga mara moja, maji ya mvua yanayokingwa kwenye pipa, sabuni laini na kidogo. Akitoka kwenye maji, asisuguliwe; akaushwe kwa kubonyezwa na kitambaa, na ngozi ikiwa bado na unyevu apakwe mafuta mazito papo hapo, na dawa pale penye ukurutu kama ilivyoelezwa. Kucha fupi. Nguo za pamba. Mimi nilipewa nafasi ya mwisho kwenye foleni, ndiyo nafasi yangu halali: bakuli la matembele au majani ya mchunga kwa tui, kipande cha papai, mapera yakiwa msimu, samaki akipatikana. Ndimu ikamuliwe kwenye mchuzi na iishie huko.

Mtaniuliza chakula kilifanya kazi gani hasa. Jibu la kweli ni kwamba sijui, na nimekaa na swali hilo miaka mingi. Sabuni ilipoondoka na mafuta yalipoingia, ngozi ilianza kufunga ndani ya wiki chache. Chakula nilikiona kwa njia nyingine: alinenepa kidogo, akalala usingizi, vidonda vilivyokuwa vikisuasua vikakauka. Mtoto aliyeshiba vitu vyema ana nguvu ya kupigana na ugonjwa wake. Naomba msidai zaidi ya hapo. Chakula humsindikiza mgonjwa njiani, lakini asiyepakwa dawa hafiki.

Mvua zilipokatika, Sista Mwanamisi alimshika Mejumaa mkono tukaenda chuoni, yeye mbele na mimi nyuma na baiskeli. Mbele ya mwalimu na watoto wote, Sista alikunjua mkono wa yule mtoto, akauweka upande wenye ukurutu kwenye shavu lake mwenyewe, akaushikilia hapo huku akimweleza mwalimu kwamba jambo hili halimshiki mtu kwa kuguswa. Alizungumza muda mrefu, na muda wote shavu lake lilikuwa palepale. Mwalimu akawaambia watoto wasogee. Mejumaa akakaa kwenye mkeka, kati ya wasichana wawili. Mimi nilisimama nje kwenye jua, Mkristo na baiskeli yake, nikicheka peke yangu.

Alhamisi zikaendelea. Nilikuwa nikitarajia benchi tupu, lakini lilijaa kama kawaida, na hakuna mama hata mmoja aliyenitazama vibaya. Nililiwaza jambo hilo na nikapata maelezo yaliyonifaa: nilikuwa nimeomba radhi kwa namna iliyowagusa watu. Nilidhani habari za machozi yangu kwenye matembele zimeenea, na kwamba pwani wanamheshimu mtu mnyenyekevu. Mwaka huo kwenye ripoti yangu niliandika kwamba uhusiano mwema kati ya mhudumu na jamii umeimarika. Sista Mwanamisi aliisoma ripoti, akanitazama, akaipiga mhuri.

Karibu na wakati huo watu wakaanza kumwita Bi Mwanatumu Bi Ndimu. Niliona ni jina la kawaida tu, nikadhani ana mndimu nyuma ya nyumba na anauza ndimu. Nami, kwa kuwa nina jina la utani, nikafurahi kupata mwenzangu. Kila Alhamisi akipita barazani nilimwita kwa sauti kubwa, "Shikamoo, Bi Ndimu!" Akina mama wakacheka. Naye akajibu bila kusimama, "Marahaba, Bwana Mchicha." Tulifanya hivyo mpaka nilipohamishwa, na nilikuwa nikiwasimulia watu kama mfano wa utani mzuri kati ya mtumishi na wananchi.

Bi Mwanatumu alifariki nikiwa kituo kingine. Sista Mwanamisi naye ametangulia. Mimi nikastaafu.

Mwaka jana nilikuwa Msambweni, nanunua mapera, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akanisalimu. "Shikamoo, Bwana Mchicha. Umenisahau. Mimi ni Mejumaa." Nilifurahi mpaka mapera yakaniponyoka. Tulizungumza habari za mama yake na za mume wake, na mwisho nikashindwa kujizuia, nikauliza kama alama za ile ndimu zimebaki.

Akapandisha mkono wa buibui. Ngozi ilikuwa safi, kavu kidogo kwenye kiwiko. "Zilitoka zamani, nikiwa shule ya msingi," akasema. "Bibi ndiye hakutokwa na yake. Amezikwa wanamwita Bi Ndimu."

"Si kwa sababu ya ule mndimu wake?"

"Mndimu upi? Pale kwetu kuna mkwaju tu." Akanitazama kwa mshangao. "Ni kwa sababu yangu. Watu walipouliza nimechomwa na nini, bibi aliwaambia ni ukaidi wake. Kwamba wewe daktari ulimkataza kabisa asinipake ndimu, na yeye kwa uzee wake akapaka. Walimcheka miaka. Watoto walimwimbia njiani."

Niliinama kuokota mapera, nikainuka mikono mitupu.

"Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza," akaendelea, "bibi, kwa nini ulimkaidi daktari? Akanijibu hakukaidi. Nikamwambia, basi si uwaambie watu? Akasema, 'Nikiwaambia, wataacha kuchanja. Wacha wanicheke.'"

Nami ndiye niliyemwita kwa sauti kuliko wote, kila Alhamisi, mbele ya benchi zima, na yeye akajibu marahaba. Nilisimama pale sokoni na mapera miguuni, mzee mzima, nikatafuta tangi la maji la kusimama nyuma yake, sikuliona.

Mejumaa akamteremsha mtoto mgongoni. Mashavu yake yalikuwa na vipele vyekundu, vikavu, ninavyovijua. "Na huyu ameanza," akasema. "Nimpe chakula gani?"

Nilimtazama usoni. Nikamwomba arudie swali. Kisha nikamuuliza sabuni, nikamuuliza maji, nikamwambia ampeleke kwa muuguzi apate dawa ya kupaka kwanza, na habari ya mboga tukaizungumza mwisho, polepole, mpaka nilipohakikisha amenielewa nami nimemwelewa.

Wanangu, wengine wenu mtapangiwa kazi upande ule. Mkifika Bodo mtasimuliwa habari za Bi Ndimu, bibi mkaidi aliyemchoma mjukuu wake kwa kutomsikiliza daktari. Msicheke. Waambieni bibi yule hakukaidi. Aliuliza, nami nikamwambia ndiyo.